Mfereji wa Unyenyekevu

Mchungaji Wamae, mwakilishi wa Mungu katika kata hii. Chifu na Naibu wa Chifu. Mwenyekiti wa Soko na makamu wake. Viongozi wa makanisa yote, yale ya mawe na yale ya mabati. Akina mama wa karoti. Na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Mzee wa Kanisa Mburu, Mkurugenzi wa Idara ya Maadili, Unyenyekevu na Uratibu wa Ibada: itifaki imezingatiwa. Bwana asifiwe! (Amina.) Bwana asifiwe tena! (Amina, ya wachache.)

Kabla sijaenda mbali, nina jambo na MC. Gatimu, simama watu wakuone. Bwana alifundisha kwamba ukialikwa karamuni usikimbilie kiti cha mbele; kaa nyuma, ili mwenyeji aje akuite, utukuzwe mbele ya wote. Mimi kwa unyenyekevu wangu, unaojulikana mpaka Kerugoya, nilifika saa tatu nikakaa safu ya mwisho kabisa, juu ya kreti ya soda, nikingoja kuitwa. Nimengoja saa moja na dakika arobaini! Nimekohoa. Nimesimama mara tatu nikijifanya nanyoosha mgongo. Nimemtuma dereva mara mbili akamwambie MC kwamba nimejificha. (Kicheko.) Gatimu naye akasema kwa maikrofoni, ati, "Yule mzee wa kreti akae chini, anazibia watoto waliosimama nyuma." (Kicheko kirefu.) Msicheke. Andiko lile lina pande mbili: mnyenyekevu afanye yake, na kamati ifanye yake.

Ndugu zangu, kiburi ni adui wa maendeleo. Idara yangu ilifanya utafiti wa kina, ikaenda ziara ya benchmarking Mombasa siku tisa, ikashirikisha stakeholders wote kwa njia ya public participation, na kubaini ya kwamba asilimia sabini na tatu nukta nne ya wananchi wa milima hii wana kiburi, hasa wale wanaoandika barua za malalamiko. Upande wa viongozi tulimpima mmoja tu, naye akapata asilimia mia moja ya unyenyekevu. Sitamtaja. Ni mimi. Kila asubuhi napiga magoti juu ya zulia nasema: Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama viongozi wengine. (Mchungaji Wamae anakohoa.) Asante, Mchungaji, najua sala hiyo unaifahamu.

Sasa niingie kwa kiini cha siku. Mwaka jana Shosho Murugi, bibi yetu huyu hapa mbele na gunia lake la karoti, aliniandikia barua. Alisema akina mama wa soko hili hushuka mtoni na magunia kuosha karoti, kwamba mvua ikinyesha ule mteremko ni matope matupu, na kwamba yeye mwenyewe aliteleza Aprili akavunjika mkono, ndio huo hadi leo haukunjuki vizuri. Akaomba mfereji wa maji ya bomba hapa sokoni. Mmoja tu! Kiongozi mwingine angeitupa barua hiyo. Mimi niliisoma nikalia, dereva wangu ni shahidi, kisha nikajiuliza: je, mama huyu anahitaji maji, ama anahitaji unyenyekevu? ("Maji!") Tusikilizane. ("Maji, bwana!") Ndipo ukazaliwa Mfereji wa Unyenyekevu, mradi wa kwanza wa aina yake kusini mwa Sahara, ambapo kiongozi, kama Bwana alivyojifunga taulo akawaosha wanafunzi wake, atawaosha wananchi miguu, awamu kwa awamu, mguu wa kulia mwaka huu wa fedha na wa kushoto mwaka ujao, Mungu akipenda.

Mfereji wenyewe ndio huu, umefungwa utepe. Utatoa lita elfu nane kwa saa. Vijana mia mbili wataajiriwa kushika taulo. Watalii wanaotoka Kenol kwenda Nanyuki watasimama hapa kutuona tukinyenyekea. Na lile bamba la jiwe lenye jina langu, niliomba liandikwe kwa herufi ndogo. Fundi akasema ndogo hazisomeki kutoka barabarani, basi nikajishusha nikakubali. (Makofi, meza kuu peke yake.) Shosho amevua viatu tangu saa mbili, na baridi hii ya Julai. ("Fungulia maji! Mama anaganda!") Tutafungulia. Haraka ya nini? Haraka nayo ni kiburi.

Unyenyekevu! (Juu!) Juu zaidi! (Juu!) Kiburi! (Chini!) Mburu! (Kimya.) Nitarudia. Mburu! ("Maji!")

Nikimalizia, nina shukrani. Namshukuru fundi Muchiri kwa kutuazima mfereji huu kutoka dukani kwake. Muchiri, nimekuona ukitazama saa; utaung'oa saa tisa kama tulivyokubaliana, haujaunganishwa na kitu, umechomekwa tu kwa mchanga. Namshukuru mwalimu mkuu kwa hema. Na kwa namna ya pekee namshukuru Shosho Murugi kwa karai yake, na kwa mtungi huu wa lita ishirini aliouteka mtoni leo asubuhi akaupandisha ule mteremko kwa mgongo, na mkono ule wake, ili tupate maji ya kumwosha miguu. Huo ndio unyenyekevu, ndugu zangu!

Haya, Shosho, lete mguu. Taulo iko wapi? Wewe wa kamera, simama upande huu, unipate kutoka chini. Shosho? (Shosho Murugi amevaa viatu. Amemimina mtungi wote kwa karai, amefungua gunia, na anaosha karoti. Akina mama wengine wanasogea na zao.) Shosho, ngoja kwanza! Gatimu, mwambie! Shosho, tafadhali, hayo ni maji ya serikali!