Mtu wa Fimbo Chini ya Mlima Unaowaka

Naivasha, 1968

Bwana Mhariri,

Pokea salamu za mchimba mitaro aliyechoka. Mimi ni Walter Onchiri wa Nyacheki, Kisii. Kazi ndiyo iliyonileta huku. Nalalamikia kalenda mliyotoa pamoja na gazeti lenu, yenye mchoro uliochorwa na Mzungu wa zamani: mlima wa Ulaya unatapika moto, na chini yake watu wadogo wametulia wanatazama, kama wanangoja chai.

Nilimpelekea baba mkwe wangu, Mzee Machogu, iwe zawadi. Sasa sina mke. Ilikuwa hivi:

1. Baba mkwe alimwona yule mtu aliyeegemea fimbo, akasema, "Huyu ni Walter. Nani mwingine husimama hivyo kazi ikiwa imejaa?"

2. Mama mkwe akaona kando ya fimbo mwanamke wa sketi nyekundu. Akauliza, "Na huyu je?" Mke wangu Nyaboke akarudi kwao siku hiyohiyo, na sufuria zote.

3. Mzee wa kanisa amehubiri Sabato kwamba moto ule ni mwisho wa dunia. Majirani wananilaumu: nimeuona mwisho wa dunia na sikuandika hata barua.

4. Mlima wa hapa, Longonot, umelala fofofo. Ningeeleza hivyo, lakini kwetu mkwe habishiwi. Akisema ni wewe, ni wewe. Hata mama yangu ameanza kuyatambua masikio yangu.

Basi, kwa kuwa baba mkwe hawezi kukosea, aliyekosea ni mchoraji. Naomba aitwe. Kama amekufa, aitwe mwanawe. Auzime moto, anishikishe jembe, na yule mwanamke amgeuze ng'ombe. Wekundu ubaki, baba mkwe hupenda ng'ombe wekundu.

Wasalimie wapiga chapa wote, na mkewe mchoraji, na yule wa sketi pia, ikiwa mnamfahamu.

Ni mimi niliyesingiziwa fimbo,
Walter Onchiri

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Nyaboke ameshuka basi na baba yake. Amechungulia hadi chini ya kitanda, hakuona sketi. Amecheka, ameinjika chai. Lakini mzee alikuja kuona moto. Tangu asubuhi yuko nje, ameegemea fimbo, anautazama Longonot. Amesema utawaka leo. Tafadhali msifute kitu. Mleteni mchoraji upesi, aje auwashe.