Maji ya Mkurugenzi Yabadilika Rangi Bila Kibali

Umma wote wa Goma, walio macho na waliolala, ulitangaziwa siku ya Alhamisi saa moja asubuhi kwamba maji ya akwariamu iliyomo sebuleni kwa Mheshimiwa Hilaire Havugimana, Mkurugenzi wa Hadhi na Mandhari, yalikuwa yamebadilika rangi bila kibali. Tangazo lilibandikwa langoni mwa makazi yake kule Himbi, likapigwa mihuri mitatu, na likamalizika kwa kuwaomba wananchi wawe watulivu. Wananchi walikuwa watulivu mno. Walisoma, wakabeba bidoni zao za njano za kuchotea maji, wakaendelea na safari ya ziwani.

Asiyekuwa mtulivu ni Emerance Munezero. Yeye ndiye aliyewalisha samaki kumi na wawili wa Mkurugenzi, na kazi hiyo ilikuja na chumba kimoja nyuma ya nyumba, alimoishi na mama yake mzazi. Aya ya nne ya tangazo haikumung'unya maneno: Jumamosi ya wiki ijayo anakuja Mkaguzi Mkuu, maji yasipotakata kufikia siku hiyo, mlishaji atafute kwingine pa kulisha na kwingine pa kulala.

Jambo lenyewe halikuwa fumbo. Jumatatu, Mkurugenzi alikuwa amejitunuku Nishani ya Mchapakazi (mwenyewe akiiita décoration), daraja la kwanza, baada ya kutafuta kwa miaka minne mtu wa kumtunuku na kumkosa. Nishani ilikuwa chukudu ndogo, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, urefu wa mkono, iliyochongwa kwa mti mbichi: magurudumu mawili, usukani, kila kitu kama zile kubwa zinazoshuka na viazi kutoka Kibumba. Mkurugenzi aliitumbukiza kwenye akwariamu ili samaki nao wajue wanaishi na nani. Kufikia Jumatano maji yalikuwa chai. Emerance alizaliwa Kibumba kwa fundi wa chukudu, na tangu utotoni alijua kwamba mti mbichi ukilowekwa hutoa rangi. Akaenda kusema, kwa Kiswahili cha Goma, ambamo kutoa ni ‘kutosha’.

“Papa Directeur, ile muti njo iko inatosha rangi. Tuitoshe, tuiloweke inje wiki mbili, maji itarudia muzuri.”

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. “Mama Emerance. Unaita décoration ‘muti’?”

“Hapana, papa. Minasema tu ile décoration iko inatosha rangi.”

“Décoration haitoshake rangi. Inatoshaka heshima.”

Basi ikaundwa Tume.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Docteur Murhula, daktari wa mifugo aliyetibu ng'ombe wa Masisi maisha yake yote na ambaye hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Aliinama mbele ya kioo, akavaa miwani, akauliza kama wagonjwa wanacheua.

“Banacheua bila kupumuzika, docteur,” Emerance alijibu.

“Ni alama muzuri,” alisema Docteur, akaandika.

Siku ya pili Tume ilimshuku Nyiragongo, kwa kuwa volkano ile ina historia ndefu ya utovu wa nidhamu. Siku ya tatu samaki wote kumi na wawili waliandikiwa demande d'explication, ile barua ya kumtaka mtumishi ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Barua zilibandikwa kwenye kioo, maandishi yakiwaelekea wahusika, ili asije mmoja akadai hakuona. Samaki walizisoma wakapita. Muda ulipokwisha Tume iliandika kwamba kimya chao ni cha makusudi. Kuhusu chukudu, ripoti ilikuwa na mstari mmoja: haichunguzwi, kwa sababu ya cheo chake.

Kila asubuhi Emerance alibadilisha nusu ya maji. Kila jioni yalirudi chai. Samaki wenyewe hawakuwa na neno; walinenepa. Lakini Jumanne mama yake alianza kukunja nguo na kuzipanga kwenye mfuko, na hapo Emerance aliogopa kweli. Hasira nayo ikaja. Kupoteza chumba kwa sababu ya kosa lako ni jambo moja. Kukipoteza kwa sababu ya kipande cha mti ambacho huruhusiwi kukiita mti, hilo halimezeki hata kwa maji safi.

Siku hiyo hiyo, akipangusa vumbi ofisini kwa bwana wake, mlemle katika makazi, aliona karatasi anazozipenda Mkurugenzi kuliko wali: ordre de mission, hati za safari za kikazi, ambazo kila moja huja na posho. Zilikuwa rundo zima. Emerance aliweka kitambaa chini.

“Papa Directeur, mi niko nawaza. Décoration ya namna hii kushinda mu maji kila siku, si ni kuizarau? Batu ba Kalengera habayaiona hata siku moja. Ingeenda mission.”

Macho ya Mkurugenzi yalifunguka. “Mission ya nini?”

“Ya sensibilisation.”

Hilo, yaani kuhamasisha umma, ni neno ambalo halijawahi kukataliwa katika ofisi yoyote. Mkurugenzi alivuta fomu. Jina la mtumishi: Chukudu. Jina la pili: wa Mbao. Penye cheo alisita. Emerance alipendekeza tarishi. Mkurugenzi alichukia: nishani yake isafiri na cheo cha tarishi? Akaandika kwa herufi kubwa, *Mkurugenzi Msaidizi, daraja la kwanza*, akatia saini yenye mikia miwili.

Alfajiri ya Jumatano chukudu ilipanda Fuso ya Jephté, binamu yake Emerance, dereva wa barabara ya Rutshuru. Kila ofisi njiani ilidai hati ipigwe muhuri: imeonekana ilipofika, imeonekana ilipoondoka.

“Na mwenyewe iko wapi?” karani wa Kibumba aliuliza.

“Iko nyuma, juu ya mifuko. Analala.”

“Directeur adjoint? Acha alale. Bakubwa banachokaka.” Muhuri ukatua, pa!

Kalengera walipiga miwili, kwa heshima.

Kule Himbi Emerance alibadilisha maji siku tatu mfululizo, na safari hii hakuna kilichoyarudisha nyuma. Ijumaa jioni yalikuwa meupe mpaka samaki wakaonekana wametundikwa hewani. Mama yake akazirudisha nguo kwenye msumari. Emerance alicheka peke yake mbele ya kioo hadi machozi yakamtoka.

Jumamosi alifika Mkaguzi Mkuu, Mama Charline, mwanamke mfupi mwenye kalamu nyekundu. Mkurugenzi alimweleza kwa dakika arobaini jinsi alivyoyasafisha maji kwa uongozi. Mama Charline aliwapungia samaki, kisha akaomba makaratasi.

Hati za safari zilikuwa arobaini na moja kwa jina la Havugimana. Aligeuza ya kwanza: nyuma hakuna muhuri. Ya pili, tupu. Ya kumi, tupu. Mtu huyu alikuwa amezunguka mkoa mzima bila kutoka kwenye kochi. Ya arobaini na mbili ilikuwa nakala ya hati iliyokuwa bado njiani, iliyotumwa kwa simu na Jephté, imejaa mihuri kama ngozi ya chui.

“Huyu Chukudu njo nani?”

Mkurugenzi alipiga hesabu. Akisema ni mti, atakuwa amempa mti cheo, saini na safari ya serikali.

“Ni… mutumishi wangu,” alisema.

“Anachelewaka?”

“Hapana, mama.”

“Analalamikaka?”

“Siyamusikia.”

“Anaombaka kitu kwa population?”

“Hata chai.”

“Iko wapi sasa?”

“Iko mission,” alidakia Emerance.

Kalamu nyekundu ilifanya kazi yake. “Mu hii ofisi kuko mutu moja tu anatumika,” alisema Mama Charline. “Tangu leo yeye njo Directeur. Wewe, Havugimana, utamusaidia. Na huyu mama anajua mahali chef iko; awe sekretere wake.” Akapanda gari, akaenda zake.

Jumatatu Chukudu wa Mbao alirudi kutoka safarini na kuketi mezani, mkavu, amenyooka. Saa mbili na robo Havugimana aliingia na barua aliyoiandika mwenyewe: Emerance Munezero afukuzwe kazi na chumba arudishe, mara moja. Ilikosa saini ya Mkurugenzi tu.

“Acha pa meza, papa. Directeur ataisoma.”

“Lini?”

“Papa, mi sikuye chef. Dossier haitokake hapa bila saini. Si weye njo ulitufundisha?”

Havugimana aliitazama meza. Alitaka kusema kilichoketi pale ni nini, akakumbuka saini yake yenye mikia miwili, akaiacha barua mezani. Akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la korido. Mama mmoja mwenye faili magotini alisogea kumpisha.

“Ikala, papa,” alisema. “Mi niko hapa tangu mwezi wa tatu.”