Dobi wa Galaksi

Jumamosi, 4 Mei

Mbingu safi. Baridi ya kukaza taya. Mwezi umekonda, unakaribia kuisha. Wiki mbili tu kabla ya Maonyesho ya Kilimo ya mji wetu wa Wirrabilla, na mwaka huu zawadi ya Picha Bora ya Anga itakuwa yangu. Lazima!

Sisemi hivi kwa ajili ya utepe wa buluu. Utepe ni kitambaa tu. Nataka sakafu. Chama chetu cha wapiga picha za anga kina uwanja nje ya mji, na uwanja mzima una sakafu moja ya saruji, juu kabisa kilimani. Imetulia, umeme upo, upande wa kusini hauna hata mti. Mshindi wa Maonyesho huitumia mwaka mzima. Sisi wengine tunajibanza kwenye majani, miguu ya darubini ikizama kwenye udongo na nyota zikitoka ndefu mithili ya tambi. Gwenda Stobie ameikalia sakafu hiyo miaka mitatu mfululizo. Gwenda! Daktari wa mifugo mstaafu, mwenye picha zilizojaa vinukta utadhani zilianikwa kando ya barabara ya vumbi.

Mimi, Desmond Pruitt, nimeendesha duka la dobi maisha yangu yote ya kazi. Doa nalijua hata likiwa limejificha. Lakini nani anapiga picha uani kwake, usoni mwa taa za klabu ya matufe iliyo jirani? Mimi. Haki iko wapi?

Jumatatu, 6 Mei

Mpango wa kwanza: taa zizimwe.

Nimemwendea Col Hanrahan, katibu wa hiyo klabu ya matufe, wanakoviringisha mipira kwenye nyasi hata usiku. Ni mtu mwema, mwoga kupita kiasi. Nikamweleza kwa upole kwamba taa huvuta wadudu, wadudu huvuta vyura, na vyura, Col, vyura huvuta nyoka. Nikashusha sauti nilipofika kwenye nyoka. Akapauka. Akaniuliza kama ni wale wa kahawia, wenye sumu kali. Nikamwambia sitaki kumtisha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mji huu ungekuwa na watu kumi kama mimi ungekuwa mbali.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 7 Mei

Col ameongeza taa! Nne, kubwa, za kuwaonea nyoka. Uani kwangu unaweza kusoma gazeti. Lorraine, mke wangu, ambaye ni mchezaji wa klabu hiyo, ameuliza wakati wa chai ni mpumbavu gani aliyemjaza Col habari za nyoka wakati huu wa baridi, nyoka wote wakiwa wamelala. Nikasema sijui. Watu wana maneno.

Sikukata tamaa. Nimetandaza mablanketi ya wageni kwenye kamba za kuanikia, nikapata ukuta mzuri wa giza. Bado kazi moja. Kabla jua halijazama, kamera lazima ipigwe picha za weupe mtupu, ili baadaye kompyuta ijue vumbi la lenzi liko wapi na kuliondoa. Unafunika mdomo wa darubini kwa kitambaa cheupe, kilichonyooka, kisicho na mkunjo. Kitambaa cheupe kuliko vyote nyumbani kilikuwa kimetundikwa mlangoni mwa kabati. Nimekikaza kwa mpira wa kufungia. Kamili!

Usiku huu naipiga Pia. Ndivyo tunavyoiita kwenye chama ile galaksi inayozunguka, maana inafanana na pia ya watoto. Dakika tano kila picha, hadi itakapozama.

Alhamisi, 9 Mei

Kitambaa kile kilikuwa blauzi ya mashindano ya Lorraine. Imepata duara la grisi kifuani, ukubwa wa sahani. Jana alicheza robo fainali kwa sweta la waridi, wenzake wote wamevaa nyeupe, na klabu imemwandikia onyo. Ameniuliza dobi gani huyu. Nimeisugua kwa kila dawa ninayoijua na duara limezidi kung'aa. Chakula cha jioni kilikuwa mkate mtupu.

Lakini picha! Nimezirundika zote pamoja kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, nikavuta mwanga polepole, na Pia ikajitokeza kutoka gizani, mikono yake imekunjuka, katikati pana rangi ya siagi. Nilikaa nikaitazama tu. Mwanga ule ulianza safari wakati hakuna mtu duniani wa kuungoja, umefika kwenye ua wangu, nyuma ya mablanketi ya wageni. Sikumwambia mtu.

Kisha nikaanza kufua. Nimetoa chembechembe zote za nyuma. Nimepiga pasi giza mpaka likawa laini. Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na kinukta kimoja cheupe kinachokera, hakimo kwenye picha zangu za mwaka jana. Takataka ya kamera, bila shaka. Nimekigonga mara moja, kikapotea. Baada ya hapo nimefuta picha zote za mwanzo. Kompyuta imejaa, halafu dobi hahifadhi maji machafu.

Ijumaa, 10 Mei

Upelelezi. Nimempelekea Gwenda malimau nipate kuona anavyofanya kazi. Alinipokea akiwa na viatu vya mpira na mbwa watatu. Hakuficha kitu! Alinifungulia kompyuta, akanionyesha kila hatua, akanimiminia chai. Anarundika, anavuta mwanga, anaacha. Basi. Nilimuuliza vinukta je. Akacheka, akasema, "Des, mzee wangu, hiyo ni mbingu, si sufuria. Ukiisugua mno utatoboa."

Wazi kabisa kwamba kuna kitu ananificha. Hakuna mtu mkarimu namna ile bila sababu.

Akasema usiku wa leo na yeye ataipiga Pia, halafu kesho asubuhi aiwasilishe, siku ya mwisho. Pia yangu mimi! Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepeleka picha yangu ukumbini mapema, ndani ya fremu. Hakuna hata chembe. Bibi Elspeth Rooke ndiye jaji wetu. Kazi yake hasa ni kuhukumu keki, lakini hakuna mwingine anayekubali kuhukumu anga, na mimi nafurahi, maana mwanamke anayejua keki laini atajua giza laini. Amesimama akinitazama nikijaza kibandiko: jina, kitu kilichopigwa, tarehe iliyopigwa. Nimeandika 7 Mei kwa mwandiko wangu bora. Akaweka picha mezani kati ya jamu na maboga.

Sakafu naiona miguuni mwangu.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika nikiwa bado na koti mwilini.

Nilikuwa kwenye duka la mikate. Redio ikasema mama mmoja wa Wirrabilla amegundua nyota iliyolipuka kwenye galaksi ya mbali. Wataalamu wamethibitisha. Hakuna mwingine duniani aliyeripoti kabla yake. Muuza mikate akapiga makofi. Redio ikasema aliiona Ijumaa usiku. Ikasema iko kwenye Pia.

Ikasema iko kwenye mkono wa kushoto.

Niliacha mkate kaunta. Nyumbani nimepekua kompyuta yote, pipa la takataka, kila kona. Hakuna. Nilikuwa nayo Jumanne! Siku tatu kabla yake! Jina langu ndilo lingetajwa redioni, na muuza mikate angenipigia makofi mimi, na hiyo sakafu wangenipa bila hata mashindano. Nyota nzima ililipuka, mwanga ukasafiri mamilioni ya miaka mpaka kwangu, nami nikaufuta kwa kidole kimoja huku nikila biskuti.

Lorraine aliuliza kwa nini nimekaa sakafuni. Nikasema natafuta kalamu.

Kitu kimoja kinanipa pumzi: hakuna anayejua.

Jumanne, 14 Mei

Kibandiko! Tarehe!

Nimekimbia ukumbini. Mpango: 7 Mei iwe 7 Machi, nifute neno moja, niandike jingine, na suala limekwisha, kwa sababu Machi nyota ilikuwa haijalipuka. Bibi Rooke alikuwa mlangoni, ufunguo umening'inia shingoni. Nilimwambia nimekosea kitu kidogo cha maandishi. Akasema kilichoingia kimeingia. Nikasema ni neno moja tu. Akaniambia, "Kijana, hapa hata aliyesahau sukari harudii keki." Nina miaka sitini na mitano.

Nikazunguka nyuma, kwenye dirisha la jikoni. Nimekwama. Kiunoni. Aliyenivuta miguu ni Col Hanrahan, ambaye alidhani namkimbia nyoka, na kesho anaenda kuomba taa za ukumbini pia.

Jumamosi, 18 Mei

Maonyesho. Kondoo wengi, vumbi jingi. Picha ya Gwenda imetundikwa katikati, vinukta vyake vyote viko pale pale, na kimoja kimezungushiwa duara jekundu. Foleni ya watu imefika kwenye mabanda ya kuku. Utepe wa buluu ni wake, na hata mimi nisingeweza kubisha.

Nilikuwa nimesimama mbele ya picha yangu nikiikinga kwa kofia. Gwenda akanisogeza kwa kiwiko aione. Akasoma kibandiko. Akapiga kelele.

"Des! Tarehe saba! Umenitangulia, mzee!" Akanikumbatia mbele ya wote, akawaita wanachama, akasema kwa sauti kwamba ugunduzi ni wangu, atawaandikia wataalamu leo leo wabadilishe jina, niwape tu picha za mwanzo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa anafurahi kweli, kwa ajili yangu! Kisha akainama atafute nyota. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakainama wote. Mkono wa kushoto wa Pia ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

Nikasema nafikiri palikuwa na wingu.

Gwenda akauliza, wingu la ukubwa wa punje ya mchele?

Lorraine alikuwa nyuma, na blauzi mpya. Akasema, "Ameifua."

Ukumbi mzima, mpaka wale wa jamu, wakaangua kicheko. Col alishikilia boga asianguke. Gwenda peke yake hakucheka. Alinichukua pembeni, akanieleza taratibu, kama anavyozungumza na ng'ombe mgonjwa. Takataka ya kamera haifuati nyota, alisema. Kitu kikibaki pale pale kwenye galaksi, picha baada ya picha, hicho ni cha mbinguni. "Ukikiona, usikiguse. Nipigie simu, hata alfajiri. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Bibi Rooke amenipa kadi ya pongezi ya usafi. Nilijifungia kwenye choo cha wanaume nikalia kidogo. Kweli nililia.

Jumapili, 26 Mei

Gwenda amekuja na ufunguo wa umeme wa uwanjani. Amealikwa mji mkuu, Canberra, na miji mingine azungumze kuhusu nyota yake, mwezi mzima. Anasema sakafu isikae bure, niitumie mimi. Hakutaka shukrani, aliomba tu malimau. Nimemwambia nitamlindia. Alipoondoka nimeruka ruka jikoni mpaka Lorraine akaniuliza kama ni nyonga inayoniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Sakafu! Usiku wa tatu leo asubuhi umekwisha. Darubini imesimama imara, hakuna taa, hakuna Col. Nyota zimetoka mviringo kabisa. Hii si Pia tena, Pia nimekosana nayo. Nimepiga galaksi nyingine, ile nyembamba iliyolala ubavu.

Nimetafakari sana yaliyonipata mwezi uliopita. Mtu mwenye akili huchunguza kosa lake akalikamata shingoni. Nimelikamata. Kosa lilikuwa tarehe! Bila ile tarehe kwenye kibandiko hakuna ambaye angejua lolote, na ile kazi nzito ya usafi ingeonekana kwa uzuri wake. Kuanzia leo siandiki tarehe kwenye picha yoyote, na Bibi Rooke akisisitiza nitaandika ya mwaka wa juzi.

Baada ya kifungua kinywa nimerundika picha za usiku wote watatu, kisha nikaingia kazini. Mbingu za sakafuni ni nzuri, ila uchafu ni ule ule. Nyingi zimetoka kirahisi. Moja tu imenitoa jasho: kinukta cheupe ubavuni mwa galaksi, kimo katika kila picha, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, pale pale, hakisogei hata unywele. Sijawahi kuona kamera kaidi namna hii. Lorraine alipita nyuma yangu na kikombe, akauliza kama nisingempigia Gwenda kwanza. Nikamwambia Gwenda ana shughuli zake, tusimsumbue mtu kwa ajili ya doa.

Limetoka mara ya nne. Picha imetakata.