Mkono wa Mashine Unaopita Kati Yangu na Wifi Yangu

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Sabuni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio nyumbani kwako. Mimi ndiye yule mama wa meza ya kufungia sabuni, niliyeongoza sala siku mkono mpya wa chuma ulipowashwa. Sala ile siifuti, ila ningejua ningeifupisha.

Ndugu yangu, mkono ule unachukua sabuni kwenye mkanda na kuziweka kwenye boksi. Fundi anayeupangia mwendo kwa kompyuta alinieleza kwa upole: "Mama, mimi naupa kituo cha kuanzia, kituo cha kufikia, na kasi. Hapo katikati unajikatia moja kwa moja." Hapo katikati, Ndugu Meneja, palikuwa na kiti changu. Sasa kimehamishiwa kule kwenye rundo la maboksi matupu, na wifi yangu, mke wa kaka yangu, kabaki mezani peke yake. Tumekaa pale ana kwa ana tangu alipoolewa kwetu. Naomba kiti changu kirudi. Sababu zangu ni hizi:

1. Mkono huu hauna adabu. Unatoka hapa, unafika pale, hodi hakuna. Hata mbuzi akikuta watu wamekaa, huzunguka. Fundi mwenyewe anakiri kwamba unaweza kupewa kituo cha kupitia, nyuma ya kiti changu, ila utachelewa kidogo. Sasa sabuni inawahi wapi?

2. Ukishajua kuzunguka, si vibaya ukaongezewa na kituo cha sala. Unyanyuke juu, utulie, kisha uendelee. Ni chuma, nakubali, lakini umetengenezwa na walioumbwa.

3. Habari za nyumbani zinakatika. Nilimwanzia wifi habari ya jino la mume wangu, nikahamishwa kabla sijafika kwa daktari. Mpaka leo hajui kama liling'olewa. Huku niliko ingebidi nipige kelele, na jino la mume wa mtu si la kutangaziwa kiwanda kizima.

4. Ikiwa vituo vya mkono haviguswi, basi na mimi ni kituo. Lisogezwe jengo. Ukuta wa stoo ukirudi nyuma kidogo, mkanda nao ukafuata, mkono utanyooka utakavyo na mimi nitakuwa kwangu. Sijasoma sana, lakini naona hesabu inakubali.

Sitaki ugomvi na mtu. Nisalimie mama watoto, mhasibu, walinzi wa getini, na huo mkono pia, maana unafanya ulichofundishwa.

Wako katika kazi na sala,
Mama wa meza ya kufungia (kwa sasa maboksi matupu)

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimemwonyesha Fundi. Amejikuna kichwa, akasema hapo mwanzo aliupanga mkono uzunguke nyuma ya kiti changu, na ulizunguka vizuri tu. Wifi ndiye aliyemfuata akamsihi akifute kituo kile cha kupitia, masikio yake yapumzike. Nimemuuliza, wala hakukana: "Wifi yangu, mkanda huwa unazimwa. Wewe je?" Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta. Mkono usiguswe, jengo libaki lilipo. Wifi nimemsamehe mbele za Mungu. Naomba kiti chake tu kihamishiwe huku kwenye maboksi, tena leo. Habari ya jino sijaimaliza.