Malalamiko Dhidi ya Mguu Wangu Ulio Kwenye Kompyuta

Kwa Mpwa wangu, Mtaalamu wa Mishipa Midogo ya Damu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kompyuta yako. Mimi mjomba wako, fundi cherehani, ni mzima kuanzia utosini mpaka goti la kulia. Kutoka hapo kushuka ndiko kunakonifanya nikuandikie rasmi.

Uliichukua picha ya mishipa ya mguu wangu ukaiingiza kwenye kompyuta, upate kuona kama mishipa midogo inaweza kuota na kuuzunguka ule mkubwa ulioziba, kabla daktari hajaamua kuukata mguu. Nilikubali kwa moyo mweupe. Sasa nalalamika:

1. Mguu wa kwenye kompyuta unapona, wangu bado. Miguu hiyo ni mmoja, na mwenyewe ni mimi. Upendeleo wa namna hii haukuwahi kuwemo katika ukoo wetu.

2. Mama yako, dada yangu tumbo moja, akipiga simu huulizia ule kwanza. Juzi alimshukuru Mungu kwa sauti, nikadhani ni kwa ajili yangu.

3. Umeniamuru nitembee mpaka maumivu yanizuie, nipumzike, nitembee tena, eti mshipa unaopitisha damu nyingi hupanuka na usiopitisha kitu hunyauka. Ule wa kompyuta hutembea ukiwa mezani kwako, chini ya kiyoyozi. Mimi nasimama kila kona, na majirani wameanza kusema nawapeleleza.

4. Mishipa isiyopitisha damu unaifuta kwenye kompyuta bila hata kuitisha kikao. Kama uvivu ni sababu ya kufutwa, anza na shemeji yangu, aliyekuja kunijulia hali na mpaka leo anakula kwangu.

Kwa hiyo naomba mguu wa kompyuta uzuiwe kupona mpaka niufikie. Ikishindikana, daktari aukate huo, aniachie huu ninaokanyagia cherehani. Naogopa, mpwa wangu. Sijui kazi nyingine.

Wasalimie wenzako wote, hata yule aliyeuita mguu wangu sampuli.

Ni mimi mjomba wako, mwenye mguu halisi.

N.B. Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Amenichoma sindano kwenye kidole gumba cha mguu, nikaruka, damu ikatoka. Amesema damu inafika, hakati. Nimelia mbele ya mkaza mjomba wako bila aibu yoyote. Tafadhali ule usiuzuie. Uache utangulie, nami nitaufuata.