Zeituni za Mama Karimi

Leo nimeaibika, tena mbuzi ni shahidi.

Nianze na wivu, kwa sababu bila wivu haya yote hayangetokea. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba. Nikaacha shule, nikawalea wadogo zangu hapa Githongo kwa kahawa na makadamia. Kendi, kitinda mimba wetu, ndiye aliyeanza kuniita Mzazi. Kwanza ilikuwa mzaha, baadaye likawa jina. Mikutano ya shule nilienda mimi, nikiketi katikati ya akina mama (na ndevu zangu tatu kidevuni).

Sasa Kendi anafanya kazi Meru mjini kwa Mama Karimi, mwanamke anayepikia watu harusi. Tangu aende huko, kila sentensi ni Mami. Mami amesema chapati hazikandwi hivyo. Mami ana jiko la kuokea. Mami hunipigia simu jioni kujua kama nimefika. Mimi pia humpigia, lakini simu yangu haina picha, basi haihesabiwi.

Leo Mami mwenyewe alikuwa anakuja kula chakula cha mchana kwetu, mara ya kwanza. Kendi akafika asubuhi na chupa ya zeituni za kuweka kwenye saladi. Zawadi kutoka kwa nani? Mmeshajua. Mimi zeituni nazijua za kwenye Biblia tu. Nilitarajia kitu kikubwa. Kumbe ni vitu vya kijani, vya mviringo, vimelala kwenye maji kama makadamia zilizoanguka kabla ya wakati.

Kabla ya kwenda sokoni kununua nyanya, Kendi akaniachia kazi ya kuzitenganisha na mbegu. Akaanza kunieleza.

"Mami huzibonyeza kwa ubapa wa kisu, halafu..."

"Kendi," nikamkatiza, "nimemenya makadamia wewe ukiwa mgongoni mwangu. Enda sokoni."

Akaenda. (Baada ya ile "halafu" ndipo palikuwa na maneno ya maana.)

Nikaonja moja. Chumvi, na chini ya chumvi uchungu. Nikajua mara moja: hili ni ganda. Kila mtu hapa anajua makadamia inavyoliwa. Ganda la kijani unatupa, gamba gumu unapasua, utamu uko ndani kabisa. Nikakaa nje nikazimenya zote kwa kisu, kwa makini. Maganda nikampa mbuzi. Alikula amefumba macho, na huyu ni mbuzi anayekataa majani ya viazi. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza.

Kisha nikachukua jiwe letu lenye kishimo cha kukalishia makadamia, na nyundo. Mbegu za zeituni ni nyembamba, hazikai kwenye kishimo. Ukizigonga zinaruka. Zilipiga mabati, zikapiga kuku, moja ikaenda kwa jirani na haijarudi. Nyundo nayo ikanipata kidole gumba. Niliwaza tu kwamba Mami ana jiko la kuokea, lakini hakuna atakayekuja kusema nyumba hii ilishindwa na tunda.

Chupa nzima ikanipa viini vya kujaza kijiko. Nikavikaanga kwa chumvi, nikavimwaga katikati ya sahani kubwa ya wageni. Vilionekana kama vimepotea.

Kendi na Mama Karimi walikutana barabarani, wakaingia pamoja wakicheka kicheko kimoja. (Hata kicheko amemfundisha.) Nikamkaribisha, nikaomba baraka, nikamsogezea sahani. Nikamwambia kwamba sisi hapa hatuna mengi, lakini kitu kigumu hatukiogopi.

Akachukua punje moja, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Ni mwanamke mwenye adabu, hakutema.

"Mwenda," akaniuliza polepole, "hii ni nini?"

"Ni zeituni zako, mama. Nimezipasua zote."

Kendi akaweka nyanya chini. "Na zile zenyewe ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zile za kijani, Mzazi. Zile zinaliwa."

Macho yangu yalienda mlangoni, na yao yakafuata. Mbuzi alikuwa amesimama pale akilamba midomo, anangoja za pili.

Mama Karimi alicheka mpaka akashika ukuta. Kendi akacheka naye, amemwegemea begani. Nikasimama na sahani yangu nikijiambia, basi, leo ndiyo nimempoteza huyu mtoto, na nimempoteza kwa nyundo yangu mwenyewe.

Nilipoinua mkono kujifuta jasho, Mama Karimi akaacha kucheka, akaushika.

"Hicho kidole umekiumiza ukizipasua?"

"Kidogo tu."

Akamgeukia Kendi. "Lete maji ya chumvi na kitambaa umfunge mzazi wako. Nyanya nitakata mimi."

Mzazi wako. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, ndani ya nyumba yangu. Nilisikia, na Kendi alisikia. (Alipomaliza kufunga nilimwambia kitambaa bado kinalegea, aanze upya.)

Saladi tumekula ya nyanya tupu. Na wewe unayetaka kucheka, njoo na ndoo ya maji kwanza. Zile zeituni zilikuwa na chumvi, mbuzi amemaliza maji ya pipa, na bado ananiangalia mimi.