Kupinga Amri ya Vazi la Mpira, na Binti Aliyeniambia Ninyamaze

Januari 19

Kwa Ndugu Hieronim Lubas,
Mwenyekiti wa Klabu ya Kayaki.

YAH: AMRI YA MAVAZI YA MAJI BARIDI, NA MADHILA YALIYONIPATA KWA KUTOITII

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi nami ni mzima, ingawa si kwa juhudi zangu mwenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi, Gracjan Wojtal, mkuu wa stesheni mstaafu na mwanachama wa klabu kwa miaka ishirini na sita, napinga rasmi tangazo lililobandikwa ubaoni mwezi Novemba. Tangazo linasema kwamba tangu siku hiyo hadi mwisho wa Aprili, mtu haruhusiwi kukaa kwenye kayaki bila vazi zima la kuzuia maji, nguo za sufu ndani yake, glavu, kofia, na jaketi la kuelea juu ya vyote. Chini yake Dobrosława, yule muuguzi uliyemteua kusimamia usalama, ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Tunavaa kufuata maji, siyo kufuata jua." Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Vazi lenyewe. Nisije nikaambiwa napinga nisichokijua: nililiazima la klabu nikalijaribu nyumbani. Miguu iliingia. Mikono iliingia. Kichwa kilipofika kwenye ule mpira wa shingoni, kikakataa kwenda mbele na kikakataa kurudi nyuma. Mke wangu Otylia alipanda juu ya kiti akavuta huku akipiga kelele, "Toa pumzi, Gracjan! Toa pumzi, utakufa humo!" hadi jirani yetu wa ghorofa ya chini akaja kugonga mlango, kuuliza kama kuna mtu anauawa. Nilipotokea upande wa pili, masikio yalikuwa mekundu kama nyanya. Otylia alinitazama akasema nimependeza. Mimi nikasema nimekabwa. Tukagombana kuanzia hapo, na kesho yake nikalirudisha klabuni likiwa limekunjwa vizuri.

2. Amri haitofautishi watu. Klabu hii ina wanachama wanaoanguka majini na wanachama wasioanguka, nasi wa kundi la pili tunaonewa. Napendekeza vazi livaliwe na wale tu wanaokusudia kuanguka, nao watoe taarifa ya maandishi siku tatu kabla.

3. Matukio ya Sikukuu ya Wafalme Watatu, yaani Epifania, Januari 6. Wewe hukuwepo kwa ajili ya goti, na najua umeshasimuliwa na watu wasiokuwa na nidhamu, kwa hiyo sikiliza yangu.

Jua liliwaka. Theluji ilikuwa imebaki kingoni tu, na kipimajoto cha duka la dawa kilionyesha nyuzi saba. Nyuzi saba, Januari! Nilivaa kama mtu mwenye akili zake: jinzi, sweta la pamba, buti za mpira. Dobrosława akanisimamisha gatini mbele ya watu kumi na tisa.

"Mzee Gracjan, vazi lako liko wapi?"

"Nimevaa jua," nikamjibu.

"Jua haliingii mtoni, mzee wangu. Maji yana nyuzi mbili. Nimetoka kuyapima sasa hivi."

Nikamwambia sikuja kuyanywa. Watu walicheka, na nakiri nilifurahi. Yeye hakucheka. Alisema siendi popote. Nami nikakaa kwenye kayaki yangu na kuisukuma. Alichofanikiwa ni kunirukia begani na kunifunga jaketi la kuelea, akikaza mikanda kama mtu anayefunga kabati juu ya paa la gari.

Tulienda vizuri hadi kona ya kinu cha zamani, pale mti ulipoangukia mtoni. Shemeji yangu Cezary, ndugu wa Otylia, alikuwa mbele yangu ndani ya vazi la rangi ya chungwa. Akageuka ili anitanie, akakwama kwenye matawi, nami nikamgonga ubavuni. Tulipinduka wote wawili kwa mpigo. Shika jambo hilo, Mwenyekiti: maji yaleyale, dakika ileile.

Niliingia nikiwa nimeazimia kufunga mdomo. Mdomo ukafunguka wenyewe. Kifua kilivuta pumzi bila kuniuliza, na kama jaketi halingekuwa limenirusha juu, ningevuta mto. Nikawa nahema kama mbwa aliyefukuzwa, siwezi kusimamisha. Nilitaka kusema "nisaidieni," neno ambalo nimelijua tangu utotoni, likakataa kutoka. Tawi lilikuwa pua na mdomo na mimi. Niliiamuru mikono ishike. Mikono hii imevuta mitambo ya reli miaka thelathini na mitatu, baridi ya namna zote; safari hii vidole vililigusa lile tawi vikaliacha, kama vya mtu mwingine. Sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza kwamba asubuhi ile nilitoka nyumbani bila kumuaga Otylia, kwa sababu ya ule ugomvi wa vazi.

Na Cezary je? Cezary alikuwa anaelea chali karibu yangu kama mtu aliye kitandani.

"Shemeji!" akaniita. "Mbona umeamua kuoga? Mimi huku nimekauka mpaka soksi!"

Halafu akauona uso wangu, akaacha kucheka. Hicho kilinitisha kuliko maji. Namfahamu Cezary tangu harusi yangu, na alicheka hata kwenye mazishi ya shangazi yake. Alinikamata ukosi kwa glavu zake nene akapuliza filimbi.

Dobrosława alifika. Akaniambia, "Nitazame mimi. Usiogelee. Pumua polepole." Nilianza kumweleza, kwa kadiri meno yalivyoruhusu, kwamba kosa lilikuwa la Cezary. Akasema, "Nyamaza, mzee! Pumua!" Nimeketi kwenye kamati ya klabu hii miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuninyamazisha, ingawa wewe ulijaribu. Nikanyamaza. Nikapumua. Wakaniburuta hadi ukingoni nikiwa nimelala juu ya pua ya kayaki yake kama gogo.

4. Kuvuliwa nguo hadharani. Karibu na kinu kuna daraja, na juu ya daraja, saa hiyohiyo, yalikuwa yanapita maandamano ya sikukuu kutoka kanisani. Wafalme wote watatu wenye mataji ya karatasi, kwaya, paroko, na farasi aliyevikwa shuka. Dobrosława hakujali mfalme wala farasi. Alitoa mkasi akaikata jinzi yangu kuanzia chini hadi juu. Nikamwambia hiyo ni jinzi mpya. Akasema jinzi mbichi inaniua. Kwaya iliacha kuimba, na nadhani hata farasi alisimama. Nikafungwa blanketi mbili, nikavishwa kofia ya sufu yenye maua ambayo ni ya mama fulani sijamjua hadi leo, nikalazwa chini na kukatazwa kusimama. Cezary alileta kichupa cha vodka kwa upendo wa kindugu. Dobrosława akamwambia vodka itanipoza zaidi, akaimwaga kwenye theluji. Nikanyweshwa chai ya moto kiasi yenye sharubati ya rasiberi, kijiko kwa kijiko, kama mtoto mchanga, hadi gari la wagonjwa lilipofika.

5. Bigos yangu, ile kabichi iliyopikwa na nyama, iliyokuwa inanisubiri kwenye moto wa kumalizia safari ililiwa na Cezary.

6. Hili naliandika kwa uzito. Otylia alikuja hospitalini akiwa amevaa viatu viwili tofauti. Nilijiandaa kugombezwa. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Alikaa kando ya kitanda akaanza kunifunga vifungo vya shati, akawa anakosea tundu, anafungua, anaanza upya. Miaka thelathini na minane ya ndoa, sijawahi kukosa karipio nililostahili. Hadi leo hajanigombeza. Yeye huamka usiku kila nikikohoa. Naihesabu hii kuwa hasara kubwa kuliko jinzi, na sijui klabu itanilipa kwa kitu gani.

Kwa hayo yote, naomba kamati ichukue hatua zifuatazo. Kwanza, amri ifutwe, au mto upashwe moto hadi nyuzi ishirini, lolote litakalokuwa jepesi kwa mweka hazina. Pili, Dobrosława aniombe radhi kwa kuwa sahihi mbele za watu. Angeweza kuwa sahihi faraghani. Tatu, ile picha yangu ya blanketi na kofia ya maua iondolewe ubaoni, pamoja na maneno yaliyoandikwa chini yake, "Alivaa jua." Nne, ikiwa kamati itaona haiwezi kufuta amri, basi iandike kwenye kumbukumbu kwamba mimi niliipinga hadi mwisho kwa hoja, na sikushindwa na mtu yeyote, ila na maji.

Nisalimie mkeo na goti lako. Wasalimie wanakamati wote, hata katibu. Msalimie paroko ukikutana naye, umwambie kwamba nitarudi kanisani watu wakisahau. Yule mama mwenye kofia, kama utamjua, mpe shukrani zangu. Ilikuwa na joto sana.

Mimi niliyeonewa,

Gracjan Wojtal

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Leo asubuhi nilipita gatini kutazama tu, nikamkuta mpwa wangu Tymon, yule daktari wa meno, anatayarisha kayaki. Jua linawaka, naye amevaa suruali ya mazoezi na fulana ya pamba. "Mjomba, usianze," akaniambia, "nazunguka nusu saa tu, na mimi siangukagi." Nililichukua kasia lake, nikaingia nalo garini, nikafunga milango, nikakaa humo saa nzima na dakika kumi hadi alipokwenda stoo kuazima vazi. Kichwa kilipomkwama nilishuka nikamvuta mwenyewe. Ameniita dikteta, na ameapa kukuandikia barua ndefu ya malalamiko. Ikifika, Hieronim, tafadhali itupe bila kuisoma.